Makaburi ya Mjumbe

Kwetu, mtu akitaka kuaminiwa hakuapa kwa Mungu. Alisema tu, "Kamuulize Mjumbe," na ubishi ukaishia hapo. Ndiyo maana hadi leo sijakizoea alichotuambia siku ile ya mkutano.

Mtaa wetu uko nyuma ya Mbagala, ukielekea Chamazi. Nilipokuwa mdogo palikuwa na mikorosho na mashamba ya muhogo. Leo hapana hata pa kugeuzia bajaji. Yeye alikuwa mjumbe wa shina letu, kiongozi wa nyumba zetu chache. Ndiye aliyepatanisha wanandoa, ndiye aliyejua mgeni wa nani amelala wapi, na zaidi ya yote ndiye aliyesimama kuwa shahidi mtu alipouza au kununua ardhi. Jina analo, ila hatukulitumia. Hata marehemu mkewe alimwita Mjumbe, na alimgombeza kwa cheo hicho hicho: Mjumbe, umeacha taa inawaka tena.

Alikuwa mtu wa Masasi, mfupi, mwenye shingo ndefu kuliko ilivyostahili mwili wake. Kichwani alivaa kofia ya pama iliyokwisha kupoteza rangi, na mfukoni hakukosa kamba ya fundi, ile inayovutwa toka kona hadi kona ili ukuta unyooke. Hakuwa fundi. Kamba ile ilikuwa ya kuwaaibisha watu. Akipita mahali nyumba inainuliwa, aliivuta kimya kimya, akachuchumaa, akafumba jicho moja. Ukuta ukiwa umeingia kwa jirani hata upana wa kiganja, hakupiga kelele. Alikohoa, akakunja kamba yake taratibu, akasema, "Ukuta ukipinda, ujue mwenye nyumba ameanza kula." Jioni mtaa mzima ulijua nani anakula.

Enzi hizo viwanja vyetu vilipimwa kwa hatua, na hatua si kitu cha kuaminika. Muuzaji alikuja na shemeji yake mfupi, mnunuzi akaja na mpwa wake mrefu kama nguzo ya umeme, na kila upande ukataka mtu wake ndiye atembee. Nakumbuka baba mmoja aliyekuja na kijana mcheza kikapu, miguu imeanzia kifuani, na muuzaji akagoma katakata, akisema ardhi yake haiuzwi kwa twiga. Mjumbe aliwaacha wabishane mpaka wachoke. Kisha akavua viatu akatembea mwenyewe. Muuzaji alilalamika kwamba amepunjwa, mnunuzi naye akalalamika kwamba amepunjwa, na Mjumbe akavaa viatu kwa furaha. "Wote wawili wakinuna," alisema, "ndiyo nimepima sawa."

Uongo hakuuvumilia. Siku moja aliitwa kushuhudia mauzo kwa jirani yetu. Watu wamekaa, chai imemiminwa, akamuuliza muuzaji kama ana ndugu mwenye haki katika shamba lile. Muuzaji akasema hana.  Mjumbe aliinuka, akakinyanyua kiti chake mwenyewe alichokuja nacho, akaanza kuondoka nacho kichwani. Muuzaji akamkimbilia njiani huku akitaja mdogo wake mmoja wa Tunduru, na wa pili, na dada. Mama yangu alikuwa akisimulia kisa hicho kila mara alipotaka tuseme ukweli kuhusu sukari.

Msidhani alikuwa malaika. Choo chake kilitokeza njiani, na kila aliyebeba dumu la maji alikibusu kwa kiwiko. Yeye, aliyewapigia watu kelele za njia mchana kutwa. Tulipomtania alisema kwa heshima zote kwamba choo kile kilijengwa kabla ya sheria. Sheria ipi, tukauliza. "Sheria yangu," akasema.

Hiyo sheria yake ilikuwa moja: acheni njia. Alizunguka akiwasihi watu waliokuwa wanakatakata mashamba ya wazazi wao. Acheni njia ya gari. Wakicheka, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na gari, aliwaambia basi acheni ya mkokoteni. Hawakuacha. Kila aliyeuza aliuza mpaka ukingoni, kila aliyenunua alijenga mpaka ukingoni, na njia ikawa kile kilichosahauliwa katikati. "Mnajenga kana kwamba hamtatoka," aliwaambia. Halafu mzee mmoja wa kule bondeni akafariki, na jeneza lake likashindwa kupita kona ya kwa fundi cherehani. Walilisimamisha wima. Nililiona kwa macho yangu, mzee wa watu akitolewa kwenye mtaa wake amesimama, kama mtu anayepanga foleni.  Mjumbe alivua pama akageukia ukuta.

Sehemu moja tu haikuguswa. Katikati ya mtaa palikuwa na uwanja, kipande cha mwisho cha lile shamba la mikorosho lililotuzaa sote. Mwenye shamba, alipokuwa hai, alisema kwa mdomo kwamba pale iwe shule. Alisema mbele ya Mjumbe peke yake, kisha akafa. Watoto wake, waliokuwa wakiishi Msasani na hawakuwahi kulima hata mche mmoja pale, wakaanza kuuza. Lakini pale walishindwa kuuza, kwa sababu palikuwa na makaburi.

Yalikuwa matuta yamepangwa ukingoni, upande wa jua linapozama, yamezungushiwa vipande vya matofali na kupandwa maua ya zambarau yasiyo na jina. Hayakuwa na misalaba wala vibao. Mjumbe ndiye aliyeyaonyesha, zamani, alipofyeka kichaka kilichokuwa pale. Wale watoto wa mwenye shamba walikuja siku moja na gari, wakasimama mbele ya matuta, na mmoja akatokwa machozi akisema lazima hawa ni babu zetu. Masheikh wakasema wa kwetu. Katekista akasema, kwa upole, huenda ni wa kwetu. Madalali wa viwanja waliokuwa wakinusa kila pembe walifika pale, wakatazama, wakageuka.

Watoto tulicheza mpira kando yake. Hilo lilinishangaza hata utotoni, maana bibi yangu alitukataza hata kunyooshea kaburi kidole. Nilimuuliza Mjumbe kama si dhambi. 

"Wafu hawachukii mpira, mwanangu," alisema. "Wanachukia matofali."

Kwenye tuta la mwisho kabisa alikuwa akikaa Bi Somoe. Huyu alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke wa Kilwa mwenye sauti ndogo, na mwanawe wa pekee alizamia meli kwenda Bondeni, Afrika Kusini, kutafuta maisha, hajapiga simu tangu hapo. Hakuna aliyemletea habari ya kifo. Hakuna aliyemletea habari yoyote. Kila Ijumaa alitandika mkeka wake mdogo kando ya tuta lile, akalimwagia maji, akasoma dua, akarudi nyumbani na uso uliotulia. Hakuwahi kusema mwanawe yumo. Mama alimuuliza, na Bi Somoe akajibu kwamba kila mama wa marehemu ana mahali pa kukaa, naye hakupewa hata marehemu, kwa hiyo amejichagulia mahali.

Mjumbe alimwona kila Ijumaa. Njia ya kwenda kwake ilipita pale. Mara zote aligeuza uso, nami nilidhani ni adabu.

Shule ya karibu ilikuwa, na kwa muda mrefu iliendelea kuwa, ng'ambo ya barabara ya malori ya mchanga. Watoto wa darasa la kwanza walivuka wameshikana mikono kama tasbihi. Mpwa wangu alirudi siku moja na kiatu kimoja. Kingine, alisema, kimeliwa na lori. Dada yangu alikaa chini sakafuni na kile kiatu kilichobaki mapajani, hakukiweka chini mpaka magharibi. Siku ile Mjumbe alikuja kutupa pole, akakishika kiatu kile, akakigeuza, akakirudisha. Aliondoka bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Ndipo ukaja urasimishaji. Maana yake ni kwamba mtaa uliokwisha kujijenga wenyewe bila ramani unakuja kupimwa, barabara zinachorwa katikati ya kuta za watu, kila mmoja anamega kipande chake kidogo, na mwishoni kila mmoja anapata hati. Mchoro ulibandikwa ukutani kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, tukaitwa kuutazama na kutoa maoni. Watu walikuwa wakitafuta nyumba zao kwa vidole kama watu wanaotafuta matokeo ya mtihani. Mama mmoja alilia kwa kuona choo chake kimekuwa barabara. Mjumbe naye aliona chake kimekuwa barabara, akacheka kwa sauti, akasema hatimaye sheria imenifikia.

Kisha akaona ule uwanja. Ulikuwa umepakwa rangi ya kijani iliyofifia na kuandikwa MAKABURI.

Aliyetuongoza mkutano alikuwa mpangaji miji, dada kijana mwenye miwani na subira nyingi. Mtu akauliza shule itajengwa wapi. Dada akasema amezunguka mtaa mzima na hakuna eneo lililobaki, watoto wataendelea kuvuka, ila ataomba matuta ya kupunguza mwendo barabarani. Watu wakaguna. Mkutano ulikuwa ukielekea kwenye mambo ya mipaka pale Mjumbe aliponyanyuka nyuma, pama mkononi.

"Dada, pale kwenye makaburi," alisema. "Pasingekuwa na makaburi, shule ingeenea?"

"Ingeenea vizuri, mzee. Lakini ndiyo hivyo, kuna makaburi."

"Hakuna."

Dada akasogeza miwani. "Mzee?"

"Hakuna mtu aliyelala pale. Yale matuta niliyainua mie mwenyewe. Udongo na kifusi. Mwenye shamba alisema pawe shule, sikuwa na shahidi mwingine, na wanawe walikuwa wanauza. Niliwajua nyie. Mngekula kila kitu isipokuwa wafu."

 Nilisikia bati la ofisi likilia kwa joto. Nilimtazama yule mzee aliyebeba kiti chake kichwani kwa sababu ya uongo wa mtu mwingine, nikahisi kana kwamba nimekanyaga ngazi ambayo haipo. Maisha yangu yote nilipita pale nikiteremsha sauti. Bibi yangu aliwasalimu wafu wale mpaka anakufa.

Dereva mmoja wa bodaboda akacheka peke yake. "Mjumbe, leo umekunywa nini?"

Halafu ukazuka moto wa maneno. Na lililonishtua zaidi ya maneno ya Mjumbe ni hili: hawakumwamini. Yeye, ambaye mtaa mzima uliamini kila neno lake, alikuwa amesema ukweli mgumu kuliko wote, na ndio huo ulioonekana uongo. Walisema amenunuliwa. Walisema madalali wamempa kitu, uzeeni tamaa imemwingia, anataka kuuza mifupa ya watu. Fundi cherehani, ambaye Mjumbe alimwokolea kiwanja chake mikononi mwa dhalimu, alimwita muuza maiti. Mjumbe alisimama katikati akizungusha pama mikononi, akitafuta uso hata mmoja unaomwamini. Uso wa Bi Somoe hakuutafuta. Mama huyo alikuwa amekaa mbele, mgongo umenyooka, hakugeuka nyuma.

Wiki iliyofuata wakaanza kujitokeza ndugu wa marehemu. Dada mpangaji alikuwa ameeleza kwamba makaburi hayaondolewi hivi hivi. Lazima ndugu wajulikane, waridhie, na wahusishwe katika kuhamisha. Mtu akasikia "ndugu", akasikia pia "kifuta jasho", ingawa la pili hakulitamka mtu. Walikuja na majina. Walikuja na magonjwa yaliyowaua. Mama mmoja wa kule bondeni alieleza jinsi shangazi yake alivyozikwa pale siku ya mvua, na namna mvua ile ilivyonyesha. Jirani niliyekua naye, tuliyecheza naye mpira kando ya matuta yale, aliniangalia usoni akaniambia tuta la tatu ni babu yake. Nilimwambia, we si mtu wa Bukoba? Akasema babu alikuwa msafiri.

Ikaamuliwa matuta yafunguliwe mbele ya watu, asubuhi ya Jumamosi. Walikuwepo bwana afya, askari, dada mpangaji, sheikh na katekista, na mtaa mzima. Mjumbe alikuja na jembe lake, lakini watu walimzuia asiguse. Vijana waliopewa kazi walisimama wakisukumana, kila mmoja akimpisha mwenzake. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kupiga jembe kwenye kaburi.

Bi Somoe akatoka katikati ya wanawake. Alijifunga kanga kiunoni, akalitwaa jembe mikononi mwa Mjumbe bila kumtazama, akaenda kwenye tuta la mwisho.

"Bi Somoe, wasubiri wenyewe," mtu alisema.

"Wenyewe ni mie," akasema. "Nani mwingine kamwagia maji?"

Alilima taratibu kama mtu anayevuna karanga asitake kuzikata. Yale maua ya zambarau aliyang'oa na mizizi akayaweka kando. Vikatoka vipande vya tofali. Ikatoka soli ya buti. Ikatoka chupa ya soda ambayo kampuni yake iliacha kuitengeneza zamani. Chini yake ukatokea udongo mgumu, mwekundu, ambao jembe la mtu halikuwahi kuugusa tangu dunia iumbwe, na jembe la Bi Somoe likagonga pale likarudi juu.

Akaacha. Akageuka sasa, akamtazama Mjumbe.

"Mwanangu hayumo humu," alisema.

"Hayumo, dada yangu."

"Sasa nikamkalie wapi?"

Mjumbe alikuwa na neno kwa kila mpaka, kwa kila ukuta, kwa kila wagomvi wawili. Sasa aliyatazama tu yale maua yaliyong'olewa.  Nadhani hapo ndipo alipoona bei ya uwanja ule, na aliyekuwa akiilipa Ijumaa baada ya Ijumaa. Mama yangu alikwenda akamshika Bi Somoe begani wakaondoka pamoja. Matuta mengine yalifunguliwa na vijana kwa haraka, kwa aibu, na ndugu wa marehemu walikuwa wamekwisha kutawanyika kabla ya la pili.

Mchoro ulirekebishwa. Pakaandikwa SHULE YA MSINGI. Lakini neno "Kamuulize Mjumbe" lilikufa siku ile. Watu walikuwa wamethibitisha kwamba mkutanoni alisema kweli, na bado hawakumsamehe. Wengine kwa sababu aliwadanganya miaka yote ile, na wengine, nadhani, kwa sababu wao walidanganya mbele yake na yeye aliona. Shina likachagua mjumbe mwingine, kijana mwenye simu mbili. Waliouza na kununua hawakubisha tena hodi kwake. Nilipohamia Segerea kwa ajili ya kazi, nilimwacha amekaa kibarazani, kamba mfukoni, akizitazama kuta za watu bila kusema.

Nilimwona tena mwaka jana, nilipokwenda kumwangalia mama. Alikuwa nje ya uzio wa shule, ameegemea fimbo, wakati wa mapumziko, watoto wamejaa uwanjani kama kumbikumbi baada ya mvua.

"Shikamoo, Mjumbe."

"Marahaba, mwanangu. We ndo bado unaniita hivyo? Wenzio siku hizi wananiita Mzee Makaburi." Akacheka, meno mawili. "Nimeona ni jina zuri. Angalau nimeyajenga mwenyewe."

Aliniuliza kama ni kweli naandika vitabu, na kama vitabu hivyo ni vya uongo. Nikamwambia ni vya kubuni.  Akasema basi tuko kazi moja, ila mie sikukamatwa, nilijitaja mwenyewe.

Tukaingia. Alitembea akinionyesha madarasa kama mtu anayeonyesha wajukuu, na kila ukuta aliupapasa kwa fimbo, na kila ukuta ulikuwa umenyooka kama sala. Nilimwona mpwa wangu kwa mbali, sasa wa darasa la sita, viatu vyote viwili miguuni. Tukafika darasa la mwisho, upande wa jua linapozama. Pale nikasimama. Ukuta ule ulitoka sawasawa kwenye kona, ukafika katikati, kisha ukaingia ndani, ukazunguka, ukatokeza tena na kuendelea, ukiacha kijisehemu nje kama kiganja kilichokunjwa.

"Mjumbe," nikasema, "huu umepinda."

"Najua."

"Na wewe ulikuwepo wakijenga?"

"Nilikuwepo. Mie ndo niliyemwambia fundi apindishe. Alikataa. Alisema nimezeeka, kamba yake imenyooka, mchoro umenyooka." Alivuta pumzi. "Nilimpigia magoti, mwanangu. Fundi mwenyewe umri wako."

Katika kile kijisehemu, pale lilipokuwa tuta la mwisho, palikuwa na mkeka mdogo umekunjwa na kuegemezwa ukutani, na mbele yake tuta dogo la udongo, bichi bado kwa maji, limezungushiwa maua ya zambarau.

Nilimgeukia. Sikujua kama nicheke au nikasirike. Nikamuuliza, kwa sauti ya chini, kama hata hili nalo amelitengeneza.

Akatikisa kichwa.

"Hili si langu," alisema. "Hili kajenga Bi Somoe."

Akavua pama.